Kupanda kwa Baiskeli Kutoka Mombo Hadi Lushoto: Mwongozo Kamili kwa Wanaokwama Kabla ya Soni

Malalamiko yanayonifikia kuhusu barabara hii yanafanana mno. Mwendeshaji huondoka Mombo saa tatu au saa nne asubuhi akiwa na nguvu tele, huzipanda kona za mwanzo kwa kasi, na kabla ya kuiona Soni moyo unamwenda mbio, chupa zake ni tupu na mapaja yamekaza. Safari huishia ndani ya Noah, gari dogo la abiria, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya keria. Wengi hurudi nyumbani wakiamini kwamba mlima ni mkubwa kuliko wao.

Sikubaliani nao. Mtu mzima mwenye afya njema, anayeweza kuendesha kwa saa tatu katika barabara ya tambarare, anaweza kufika Lushoto bila kushuka kwenye baiskeli. Kinachomwangusha ni mambo matatu yanayoamuliwa kabla kona ya kwanza haijaonekana: gia alizonazo, saa anayoondoka na mwendo wake katika nusu saa ya mwanzo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mambo hayo matatu, kisha kwa ajili ya kushuka, ambako ndiko kwenye hatari kubwa zaidi ingawa watu hawakuulizii.

## Barabara yenyewe

Mombo iko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha, chini ya ukuta wa Milima ya Usambara Magharibi, katika mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yake kuna kilomita 33 hivi za lami, na mji mdogo wa Soni uko takriban katikati ya njia.

Ukigawanya mita 1,000 za kupanda kwa kilomita 33 unapata wastani wa asilimia 3, na wastani huo umewadanganya wengi. Mwinuko haukugawanywa sawasawa. Sehemu kubwa yake iko kati ya Mombo na Soni, ambako barabara hujipinda ubavuni mwa mlima, mwamba ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili, na ambako utakutana na vipande vikali maradufu ya wastani huo. Baada ya Soni njia hulegea, hupanda na kupumzika, ikipita kati ya mashamba ya mboga na nyumba za watu hadi Lushoto mjini.

Kwa hiyo hii ni milima miwili ndani ya barabara moja. Wa kwanza hudai subira, na wa pili hudai uwe umebakiza kitu.

## Vitu vya kuwa navyo

Vikusanye vyote siku mbili kabla ya safari, kwa sababu ukiwa Mombo alfajiri hutapata duka la vipuri lililo wazi.

- Baiskeli yenye gia nyepesi, kama nitakavyoeleza katika Hatua ya 1.
- Raba mpya za breki, au pedi zenye unene wa kutosha ikiwa breki zako ni za diski.
- Tyubu mbili za ziada, viraka, solusheni, vijiko vya kubandulia tairi na pampu uliyokwisha kuijaribu.
- Alenki za kukunja pamoja na kifaa cha kukatia cheni.
- Chupa mbili za maji zenye ujazo wa jumla ya lita moja na nusu.
- Pakiti mbili za chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile inayouzwa katika kila duka la dawa.
- Chakula cha njiani: ndizi mbivu, tende, maandazi au viazi vitamu vilivyochemshwa.
- Kofia ngumu, glavu, miwani na koti jepesi la kuzuia upepo.
- Taa nyekundu ya nyuma inayomulika, na nguo ya juu ya rangi kali.
- Simu yenye chaji, fedha taslimu za noti ndogo, na karatasi yenye jina lako pamoja na namba ya ndugu wa kupigiwa.

Koti la upepo ndilo ambalo watu hulicheka wakiwa Mombo kwenye joto. Halijoto hupungua kwa wastani wa digrii 6 au 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mwili uliolowa jasho ukianza kushuka kwa kasi hupoa upesi hadi vidole vinashindwa kukamata breki vizuri. Kati ya Juni na Agosti asubuhi za Lushoto ni za baridi hasa. Libebe.

## Hatua ya 1: Pima gia zako kabla ya kupima miguu yako

Hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele, kisha hesabu meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Kwa mtu asiye mwanamashindano, jibu linapaswa kukaribia 1.

Sababu ni hii. Baiskeli yenye meno 34 mbele na 32 nyuma husogea kama mita 2.2 kila pedali inapozunguka mara moja. Ukizungusha mara 70 kwa dakika, unakwenda kilomita 9 na kitu kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuushikilia kwenye mpando wa Soni. Sasa chukua baiskeli ya mbio ya zamani yenye meno 39 mbele na 25 nyuma. Kwa mwendo ule ule utazungusha mara 48 tu kwa dakika, maana yake kila mkanyago unabeba mzigo mkubwa zaidi. Mapafu yatakuwa bado yana nafasi, lakini magoti na mapaja yatakataa, na hapo ndipo watu husema miguu imekufa.

Ikiwa jibu lako linazidi 1.4, mwone fundi akubadilishie gia za nyuma, na mwulize kama kile kifaa kinachohamisha cheni kinaweza kumudu gia kubwa zaidi na kama cheni itahitaji kurefushwa. Kazi hii ndiyo matumizi bora ya fedha katika maandalizi yote, kuliko nguo, kuliko viatu, kuliko baiskeli nyepesi zaidi.

Kwa wenye baiskeli za gia moja, zile za kawaida za kubebea mizigo, nasema wazi: ukiwa na meno 44 mbele na 20 nyuma, kila mzunguko unakupeleka karibu mita 5. Hakuna aibu kuisukuma kwenye vipande vikali. Wenyeji wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli milimani hupanda wakisukuma, nao wanaijua milima hiyo kuliko mimi na wewe.

Utajua umefaulu ukiweza kupanda mlima wowote wa karibu nawe ukiwa umekaa kitini, bila kuyumbisha usukani, na bado gia moja nyepesi ikiwa imebaki bila kutumika.

## Hatua ya 2: Zoeza mwili kukaa kwenye kazi moja kwa muda mrefu

Barabara ya Mombo haikudai nguvu ya ghafla. Inadai saa mbili na nusu hadi tatu na nusu za kazi isiyokatika, jambo ambalo mazoezi ya kawaida ya mjini hayalifundishi, maana mjini kuna taa, makutano na mteremko wa kupumzikia.

Hesabu ndogo itakuonyesha ukubwa wa kazi. Mtu mwenye kilo 72 pamoja na baiskeli na mizigo ya kilo 13 anainua kilo 85 kwa mita 1,000. Akiwa na uwezo wa kutoa wati 150 bila kukoma, kuinua uzito huo peke yake kunamchukua dakika 90 na kidogo, kabla hatujahesabu msuguano wa tairi na upepo. Hakuna njia ya mkato katika hesabu hiyo. Kuna kuvumilia tu kwa mwendo unaofaa.

Kwa muda wa wiki sita, fanya safari tatu kila wiki. Moja iwe ndefu na ya polepole, ya saa tatu au zaidi. Moja iwe fupi yenye vipindi vitatu vya dakika 15, ukiendesha kwa bidii ambayo bado inakuruhusu kusema sentensi nzima. Ya tatu iwe nyepesi ya kunyoosha miguu.

Anayeishi Dar es Salaam atumie vilima vya Pugu na Kisarawe kwa kuvirudia. Anayeishi Moshi ana bahati, kwa kuwa barabara ya Himo kwenda Marangu inafundisha karibu kila kitu kinachohitajika hapa. Aliye kwenye tambarare tupu aendeshe dhidi ya upepo kwa gia inayomlazimisha kukanyaga taratibu. Si sawa na mlima, lakini inaufundisha mgongo na kiuno kukaa kwenye mkao mmoja.

Onyo: wiki ya mwisho usijaribu kufidia mazoezi uliyoyakosa. Miguu iliyochoka haipati nguvu kwa siku tatu.

## Hatua ya 3: Chagua msimu, siku na saa

Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kuja hapa na baiskeli yenye tairi nyembamba. Kuta za milima hudondosha mawe na udongo barabarani, lami huteleza chini ya tope, na ukungu huwazuia madereva kukuona kwenye kona. Vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, si kali kama masika lakini inahitaji tahadhari ile ile. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kisha Januari na Februari kwa wanaostahimili joto la Mombo.

Kuhusu saa, sitaki mjadala. Lala Mombo usiku wa kuamkia safari, na uwe barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu kunapopambazuka vizuri. Kuna sababu mbili. Sehemu ngumu zaidi ya njia ndiyo iliyo chini zaidi, kwa hiyo ndiyo yenye joto zaidi, na ukiianza saa nne jua litakuwa linapiga mwamba na mwamba unakurudishia joto hilo usoni. Tena mwendo wako ni wa kilomita 9 kwa saa, hivyo hakuna upepo wa kukupoza. Jasho linadondoka bila kukauka na mwili unapika kutoka ndani. Sababu ya pili ni magari. Kadiri mchana unavyosogea ndivyo mabasi, Noah, bodaboda na malori ya mboga yanavyoongezeka.

Ukija kwa basi, jihadhari na buti. Geuza usukani, toa gurudumu la mbele, weka cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma ili kifaa cha kuihamisha kiingie ndani, na laza baiskeli upande usio na cheni. Simama hapo mpaka mlango wa buti ufungwe. Kifaa hicho kikipinda kidogo tu, gia nyepesi ndiyo itakayokuwa ya kwanza kugoma, au mbaya zaidi, cheni itaruka na kuingia kwenye spoku.

## Hatua ya 4: Ukaguzi wa jioni ukiwa Mombo

Pandisha na shusha gia zote huku gurudumu la nyuma likiwa juu. Bana breki zote mbili kwa nguvu na ujaribu kuisukuma baiskeli mbele, isisogee. Zungusha kila gurudumu na utazame kama rimu inagusa raba.

Upepo wa tairi uendane na upana wake. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 80, tairi ya milimita 28 yenye tyubu inatosha psi (kipimo cha upepo wa tairi) 70 hadi 80, na ya milimita 32 inatosha psi 55 hadi 65. Wengi hujaza hadi tairi kuwa ngumu kabisa wakidhani watapanda kwa wepesi. Kwenye lami yenye viraka na kokoto tairi ngumu mno hurukaruka, hukuchosha mikono, na wakati wa kushuka hushika barabara vibaya.

Kula chakula cha wanga cha kawaida yako, wali au ugali, wala usijaribu chakula kigeni usiku huo. Kunywa maji mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu.

## Hatua ya 5: Mombo hadi Soni, ambako safari huamuliwa

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo mambo yote yanapoharibika.

Ukiacha barabara kuu na kuingia njia ya Lushoto, miguu yako ni mipya, hewa ya alfajiri ni nzuri na mpando bado ni wa upole. Kila kitu kinakuambia uende kasi. Usikubali. Kwa dakika 30 za kwanza endesha kwa mwendo unaokuruhusu kuvuta pumzi kwa pua kwa sehemu kubwa ya muda, na kuongea sentensi kamili bila kukata. Ikiwa unaona mwendo huo ni wa polepole kiasi cha kukera, basi ndio wenyewe. Misuli iliyopewa kazi kupita kiasi mwanzoni hutumia akiba yake ya sukari upesi mno, na akiba hiyo hairudi kwa kupumzika dakika tano kando ya barabara.

Hamia kwenye gia nyepesi kabla mpando haujawa mkali, si baada ya hapo. Cheni inayohamishwa wakati miguu inakanyaga kwa nguvu zote hulia, hukwama na mara nyingine hukatika. Ukiona kona kali mbele, legeza mkanyago kwa mzunguko mmoja, badilisha gia, kisha endelea.

Kaa kitini kwa sehemu kubwa ya njia. Kusimama kwenye pedali kunakupa nguvu ya muda lakini kunapandisha mapigo ya moyo. Simama kwa mizunguko 20 au 30 kila baada ya dakika kumi hivi, kwa ajili ya kunyoosha mgongo na kupumzisha makalio, ukiwa umeongeza gia moja nzito ili mwendo usidondoke. Mikono ishike usukani kwa ulegevu, mabega yashuke, viwiko vikunjwe kidogo.

Katika kona za upande wa kushoto, sehemu ya ndani ndiyo kali zaidi. Kama umeangalia nyuma na barabara ni tupu, pita mbali kidogo na ukingo wa ndani. Utaongeza mita chache lakini utapunguza makali ya mpando. Kama unasikia gari lolote, baki kushoto na ukubali ukali huo. Usivuke mstari wa katikati kwa sababu yoyote, kwani lori linaloshuka huhitaji upana wote wa upande wake.

Maji na chakula. Kunywa mafunda machache kila dakika kumi, hata kama hujasikia kiu, kiasi cha mililita 500 hadi 750 kwa saa. Chupa moja iwe na chumvi ya kuongeza maji mwilini, nyingine maji matupu. Anza kula dakika 40 baada ya kuondoka. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25. Watu hukataa kubeba maji ya kutosha wakiogopa uzito, lakini kwa hesabu niliyoitoa juu, lita moja ya ziada inamchelewesha yule mpandaji wa kilo 85 kwa kama dakika moja tu katika mlima mzima. Kuishiwa maji kunamgharimu safari yote.

Onyo la afya: ukiona kizunguzungu, jasho limekatika ghafla ilhali ni joto, ngozi inasisimka kwa baridi au kifua kinabana, shuka mara moja, kaa kivulini, lowesha kichwa na shingo, na usiendelee kupanda. Kifua kinachobana ni cha kupelekwa hospitali, si cha kupumzisha kando ya njia. Hospitali ya Wilaya iko Lushoto mjini, na kwa aliye chini karibu na Mombo, Hospitali ya Magunga iko Korogwe.

Onyo la magari: kaa kushoto, lakini si kwenye ukingo kabisa wa lami ulioliwa na mvua, kwa sababu tairi ikidondoka hapo utaangukia barabarani na si nje. Acha nusu mita. Sikiliza, kwenye kona honi ya basi hukufikia kabla ya basi lenyewe. Ondoa vidude vya masikioni.

Utajua umefaulu ukifika Soni na maporomoko yake ya maji ukiwa bado unaweza kuzungumza na muuza matunda bila kuhema, ukiwa na angalau robo ya maji yako, na saa yako ikisoma saa mbili na nusu au karibu na hapo. Ukifika saa mbili kasoro robo huku umelowa na kutetemeka, umewahi mno.

## Hatua ya 6: Simama Soni kwa dakika 15, zisizidi 20

Jaza chupa zote kwa maji ya dukani. Kula kitu cha chumvi pamoja na tunda. Katika msimu wake utakuta pichi, plamu na mapea yaliyopangwa kwenye ndoo kandokando ya barabara, na sijui mahali pengine ambapo mwendeshaji hulishwa vizuri namna hiyo kwa bei ndogo.

Usikae zaidi ya dakika 20, kwa kuwa misuli hupoa na kukaza, na nusu saa ya kwanza baada ya kusimama itakuwa ngumu kuliko ilivyostahili. Ukisikia baridi, vaa koti papo hapo.

Hapa pia ndipo pa kuamua kwa unyofu. Kama umefika Soni baada ya saa nne, au umechoka kiasi cha kushindwa kula, shukia hapa. Kula, pumzika saa nzima, na urudi Mombo ukiwa na akili timamu. Kwenye njiapanda ya Soni kuna barabara ya Bumbuli. Hakikisha huifuati kwa uchovu.

## Hatua ya 7: Soni hadi Lushoto

Sehemu hii ni nyepesi, na ndiyo maana huwatega waliochoka. Mteremko mfupi hukupa kasi, kisha mpando mfupi hufuata, na mwendeshaji hujaribu kuupanda kwa kasi ile ile aliyoshuka nayo. Badilisha gia kila mara, hata kama ni mara kumi ndani ya kilomita moja. Kinachopaswa kubaki sawa ni mzunguko wa miguu na pumzi, wala si kasi.

Unapita kati ya makazi. Kuna watoto wa shule, mbuzi, akina mama wenye mizigo kichwani na pikipiki zinazotokea vichochoroni bila kutazama. Piga kengele mapema, punguza mwendo, na salimia. Watu wa Usambara hujibu salamu, na mara nyingi atakayekuonya kwamba kuna mchanga kwenye kona ya mbele ni yule uliyemsalimia.

Utajua umefaulu ukiingia Lushoto mjini kabla ya saa tano, na baada ya nusu saa ya kukaa ukasikia njaa. Njaa ni dalili nzuri. Kichefuchefu maana yake ulikwenda kasi au ulikunywa kidogo.

## Hatua ya 8: Ukitaka kuongeza

Mtazamo wa Irente uko karibu kilomita 5 kutoka mjini, ukingoni mwa jabali linaloangalia tambarare uliyoiacha asubuhi. Njia yake si ya lami yote. Kwa tairi za milimita 32 na zaidi inapitika wakati wa kiangazi, na kwa tairi nyembamba ni afadhali utembee. Ukingo wa jabali ni wa kuheshimiwa: egesha baiskeli mbali, usipige picha ukirudi nyuma kinyumenyume. Njiani liko Shamba la Irente, ambalo jibini, jemu na mkate wake vinatosha kuwa sababu ya kwenda.

Wenye nguvu zaidi wapande hadi Magamba, kilomita 7 hivi juu ya Lushoto, kwenye msitu wa hifadhi. Hewa yake ni ya baridi na kivuli chake ni kizito. Lakini fanya hivyo kesho yake. Kutoka Magamba njia ya kwenda Mtae ni safari nyingine kabisa, ya siku mbili na ya baiskeli yenye tairi pana, na haimo katika mwongozo huu.

## Hatua ya 9: Kushuka

Lala Lushoto ikiwezekana. Ukilazimika kurudi siku hiyo hiyo, ondoka si chini ya saa mbili baada ya kula, na hakikisha utafika Mombo kabla ya saa kumi na moja jioni. Usishuke gizani, wala mvua inaponyesha.

Nguvu zote ulizozitumia kuinua kilo 85 kwa mita 1,000 lazima zitoke mahali fulani unaposhuka, nazo hutokea kwenye hewa au kwenye breki. Ukibana breki mfululizo kwa dakika nyingi, rimu hupata moto, upepo ndani ya tyubu hupanuka, na solusheni ya viraka vya zamani hulainika hadi kiraka kinaachia. Tairi la mbele likiishiwa upepo ghafla kwenye kona yenye korongo, hakuna ufundi utakaokusaidia. Kwa hiyo weka tyubu isiyo na kiraka kwenye gurudumu la mbele kabla ya kuanza.

Fuata utaratibu huu:

1. Kagua breki na upepo wa tairi upya, hata kama ulikagua jana. Vaa koti na glavu.
2. Bana breki zote mbili kwa nguvu kwa sekunde mbili au tatu, achia kabisa kwa muda ule ule, kisha rudia. Kuachia ndiko kunakopoza rimu.
3. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona. Ndani ya kona breki ya mbele ikibanwa ghafla huchukua ushikaji ambao tairi inauhitaji kwa kugeuka, nawe unaanguka.
4. Katika kona, mguu wa upande wa nje uwe chini na ubebe uzito wako. Tazama mwisho wa kona, si ukingo wa barabara. Baiskeli hufuata macho.
5. Usizidi kilomita 40 kwa saa. Katika kilomita 60 kwa saa, umbali unaohitajika kusimama baada ya kubana breki ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 40, na kona nyingi hapa hazikuonyeshi kilicho mbele kwa umbali huo.
6. Simama kila baada ya kilomita 5 hivi. Sogeza kidole karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto kali, subiri dakika kumi. Usiimwagie rimu maji.

Basi likikufuata kwa nyuma, usishindane nalo. Tafuta sehemu pana, simama nje ya lami, liache lipite, subiri na la pili. Magari yanayopanda huweza kulipita lori bovu kwenye kona, kwa hiyo shuka ukitarajia kwamba upande wako huenda usiwe mtupu.

Mtu akianguka, usimwinue kwa haraka. Mpeleke mwenzako mmoja juu na mwingine chini, mita 100 kila upande, kuonya magari, kisha piga 112 na tafuta gari la kwenda hospitali iliyo karibu. Ndiyo maana sipendekezi mtu yeyote aishuke barabara hii peke yake kwa mara ya kwanza: wawe watatu, wakiachana mita 30, na yule mwenye uzoefu mdogo akae katikati.

Utajua umefaulu ukifika njiapanda ya Mombo mikono ikiwa haijafa ganzi, raba za breki zikiwa bado na mifereji yake, na wenzako wote wakiwa nyuma yako. Zikague raba hizo hapo hapo, kabla hujaipakia baiskeli kwenye basi. Zilizolika hadi mifereji ikapotea zibadilishwe kabla ya safari inayofuata.